Peptidi ya kuzuia kingamwili ya TdT: mstari usipofutika, na unapofutika kupita kiasi

TdT (kwa jina refu, terminal deoxynucleotidyl transferase) ni polimerasi ya DNA, yaani kimeng'enya cha kujenga DNA, yenye tabia ya peke yake. Polimerasi nyingine husoma uzi mmoja wa DNA ndipo zijenge wa pili. Hii huongeza nukleotidi kwenye ncha ya uzi bila kusoma chochote, na kwa kazi hiyo seli changa za B na T hupata vipokezi vya namna nyingi mno. Frederick Bollum aliiripoti mwaka 1960, akiwa ameitoa kwenye thaimasi, tezi ya kifuani, ya ndama. Seli ikikomaa, kimeng'enya hiki hutoweka. Ndiyo maana lukemia ya limfoblasti, karibu mara zote, huonesha TdT ndani ya kiini cha seli, na limfoma ya Burkitt haioneshi. Magonjwa hayo mawili yanaweza kufanana sana chini ya hadubini, ilhali dawa zake hazifanani, na mgonjwa mara nyingi ni mtoto.

Kwa hiyo kingamwili inayodai kushika TdT ni lazima ihojiwe kabla ya kuaminiwa, iwe uko Mnazi Mmoja, Wawi au Binguni, hapa Zanzibar. Peptidi ya kuzuia ni njia moja ya kuihoji. Ni kipande kifupi cha protini, kwa kawaida asidi amino 10 hadi 20, kilichotengenezwa kufanana na sehemu ileile ambayo mnyama alidungwa ili atoe kingamwili. Ukiichanganya na kingamwili kabla ya kuimwaga juu ya utando (ambao protini za sampuli zimehamishiwa kutoka kwenye jeli iliyozitenga kwa uzito, na protini iliyoshikwa huonekana kama mstari) au slaidi, mikono yote miwili ya kingamwili hushika peptidi na kubaki imejaa; haina tena nafasi ya kushika kitu kwenye sampuli. Alama ambayo ilikuwapo inatakiwa ipotee.

Lililo gumu ni kusoma matokeo. Nitaanza na dalili ambayo watu huiuliza zaidi, lakini dalili ya pili ndiyo ninayotaka isomwe kwa makini kuliko zote.

Peptidi imewekwa, mstari haukufutika

Kabla ya kulaumu peptidi, tazama lebo mbili: ya kingamwili na ya peptidi. Kila peptidi ina kingamwili yake. Kingamwili ya TdT iliyotengenezwa kwa kipande cha mwanzo wa protini haiwezi kuzuiwa na peptidi ya mwisho wa protini, hata kama chupa zote mbili zimeandikwa TdT. Zipo pia kingamwili za sungura zilizotengenezwa kwa kumdunga TdT nzima ya thaimasi ya ndama. Hizo ni mchanganyiko wa kingamwili nyingi, kila moja na sehemu yake inayoitambua, na peptidi moja ya asidi amino 15 itaziba chache tu. Na baadhi ya kingamwili za klona moja hutambua umbo la protini iliyokunjika, si mfuatano wa asidi amino. Kwa hizo hakuna peptidi fupi itakayosaidia. Ikiwa karatasi ya mtengenezaji haisemi kingamwili ilitokana na kipande gani, mwandikie umuulize kabla hujanunua peptidi. Ni fedha nyingi kwa maabara yenye bajeti ya visiwani kuzitumia kwa kubahatisha.

Lebo zikikubaliana, piga hesabu. Maelekezo mengi husema peptidi iwe mara 5 ya uzito wa kingamwili, na watu huiona ni kidogo. Si kidogo. Kingamwili ya IgG, aina ya kawaida ya kingamwili, ina uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 150 hivi. Peptidi ya asidi amino 15 ina takriban 1.7. Maikrogramu 1 ya kingamwili ni pikomoli (kipimo cha idadi ya molekuli) 6.7, yaani mikono 13 na kitu kwa hesabu ya pikomoli. Maikrogramu 5 za peptidi ni pikomoli karibu 2,900. Kila mkono umezungukwa na peptidi zaidi ya 200. Inatosha, ila kama kiasi halisi cha peptidi ni kile unachodhani. Poda ya peptidi si peptidi tupu: ndani yake mna maji na chumvi zilizobaki kutoka kwenye usafishaji, na peptidi yenyewe inaweza kuwa asilimia 60 hadi 80 tu ya uzito. Hapa kwetu unyevu wa hewa huongeza tatizo. Ukitoa chupa kwenye friza na kuifungua papo hapo, hewa ya masika huingia, maji hujitonesha juu ya poda, na kipimo chako cha mizani hakina maana tena. Iache chupa ikiwa imefungwa mpaka ifikie joto la chumba, ndipo uifungue.

Halafu kuna swali la kama imeyeyuka. Peptidi yenye asidi amino nyingi za chaji chanya huyeyuka kwenye maji au kwenye asidi asetiki hafifu. Yenye chaji hasi hupenda amonia bikaboneti hafifu. Inayokataa maji huhitaji tone la DMSO, kiyeyushio kisicho maji, kwanza. Yenye sisteini au methionini usiipe DMSO, kwani huweza kuoksidishwa. Ukiona ukungu au chembe chini ya kichupa baada ya kuzungusha kwenye sentrifuji, peptidi yako imelala chini na kingamwili inaelea juu peke yake.

Baada ya hapo angalia mpangilio wa kazi. Peptidi na kingamwili huchanganywa kwanza, katika ujazo mdogo, kwa saa moja au mbili kwenye joto la chumba au usiku kucha kwenye nyuzi 4. Ndipo mchanganyiko huongezewa bufa na kumwagwa kwenye utando. Mtu anayemwaga kingamwili kwanza kisha akaongeza peptidi amechelewa. Iliyokwisha kushika protini kwenye utando haiachii kwa urahisi. Na kama kingamwili imewekwa nyingi kupita kiasi, punguza. Kizuizi husomeka vizuri pale alama inapokuwa ya wastani, si pale filamu inapokuwa nyeusi tii.

Kuna sababu moja ambayo hupitwa sana, nayo si ya peptidi wala ya kingamwili ya kwanza. Wengi wetu hutumia thaimasi ya ndama kama sampuli chanya, kwa sababu inapatikana: ukizungumza mapema na watu wa machinjio ya Kisakasaka unaweza kupewa tezi mbichi ya mnyama mdogo. (Awe mdogo kweli. Thaimasi hunywea kadiri mnyama anavyokua, na tezi ya ng'ombe mzee ni mafuta matupu.) Lakini tishu hiyo imejaa damu, na damu ina IgG ya ng'ombe. Kingamwili ya pili, ile ya mbuzi dhidi ya sungura inayoshika kingamwili ya kwanza ili ionekane, inaweza kuishika IgG ya ng'ombe moja kwa moja. Mnyororo mzito wa IgG hutokea kwenye kilodaltoni 50 hivi. TdT hutokea karibu 58. Kwenye jeli iliyokimbia vibaya, mtu huona mstari huo na kuuita TdT, kisha hushangaa peptidi haiufuti. Haiufuti kwa sababu kingamwili ya kwanza haihusiki nao. Kata kipande kimoja cha utando, kipitishe kwenye kingamwili ya pili peke yake. Mstari ukibaki, umepata jibu. Nunua kingamwili ya pili iliyosafishwa dhidi ya IgG ya ng'ombe, na angalia pia maziwa unayotumia kuziba utando, kwani nayo yana IgG hiyohiyo.

Mistari yote imefutika, na watu wamefurahi

Hapa ndipo ninapoomba subira. Nimeona matokeo haya yakipokewa kama hati ya uthibitisho: mstari ulikuwapo, peptidi ikawekwa, mstari ukatoweka, basi mstari ule ni TdT. Hapana. Kilichothibitika ni kwamba kingamwili ilishika mstari ule kwa mikono ileile inayoshikia peptidi. Ikiwa protini nyingine ina kipande kinachofanana na peptidi hiyo, kingamwili itaishika nayo pia, na peptidi itafuta mistari yote miwili kwa usawa. Peptidi haijui jina la protini iliyo kwenye utando.

Kwa TdT jambo hili si la nadharia. Kimeng'enya hiki kina ndugu. Polimerasi mu inafanana nacho kwa takriban asilimia 42 ya asidi amino, na uzito wake ni kilodaltoni 55 hivi, yaani kwenye jeli ya kawaida inasimama bega kwa bega na TdT. Polimerasi lambda nayo ni ya ukoo huohuo, nzito kidogo zaidi. Sehemu inayofanya kazi ya kuunga nukleotidi ndiyo iliyofanana zaidi miongoni mwao. Kwa hiyo kingamwili iliyotengenezwa kwa kipande cha sehemu hiyo inaweza kushika ndugu wote, na peptidi ya kipande hicho itawafuta wote, na wewe utaandika TdT kwenye ripoti ya seli zisizo na TdT hata chembe.

Dawa yake ni kuleta seli ambazo hali yake inajulikana. Seli za MOLT-4, zilizotokana na lukemia ya limfoblasti ya T, zina TdT kwa wingi. Seli za Raji, zilizotokana na limfoma ya Burkitt ya mtoto wa Nigeria mwaka 1963, ni za B zilizokwisha kupita hatua hiyo. Ziweke ubavuni mwa sampuli yako kwenye jeli moja. Mstari ukitokea kwenye MOLT-4, usitokee kwenye Raji, na ukafutika kwa peptidi, sasa una hoja. Mstari ukitokea kwenye zote mbili na ukafutika kwenye zote mbili, kingamwili inashika kitu kingine, na kufutika kule kunakwambia tu kwamba inakishika kwa mikono ileile inayoshikia peptidi. Bora zaidi ni seli ambazo jeni la TdT limeondolewa kabisa, kwa anayeweza kuzipata. Kwa asiyeweza, kingamwili nyingine ya TdT, iliyotengenezwa kwa kipande tofauti cha protini, husaidia sana: zote mbili zikikubaliana juu ya seli zilezile, shaka hupungua.

Kabla hujanunua, chukua mfuatano wa peptidi uulinganishe na protini zote za binadamu kwenye hifadhi za wazi za intaneti. Ni bure. Ukiona asidi amino 8 au 9 mfululizo zinalingana na polimerasi mu, tafuta kingamwili nyingine. Linganisha pia na mfuatano wa ng'ombe kama sampuli yako chanya ni ya ndama; peptidi ya binadamu yenye tofauti mbili tatu na ya ng'ombe inaweza kukupa kontroli (sampuli ya kulinganishia) chanya isiyowaka, ukadhani kingamwili imekufa.

Na weka peptidi ya uongo. Namaanisha peptidi nyingine yoyote ya urefu uleule isiyohusiana na TdT, kwa kiasi kilekile. Ikiwa nayo inafuta mstari, hapakuwa na uzuiaji wowote wa maana. Kuna kitu kwenye kiyeyushio kinachoharibu kazi.

Kontroli isiyo na peptidi nayo imefifia

Hili hutokea pale kontroli inapochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye jokofu huku mchanganyiko wa peptidi umekaa saa mbili mezani, au kinyume chake. Vichupa vyote vipite njia moja: kingamwili ileile, ujazo uleule, muda uleule, na badala ya peptidi kimoja kipate kiyeyushio chake kitupu. Kama peptidi iliyeyushwa kwa asidi asetiki, kontroli ipate asidi hiyohiyo, kwa sababu kushuka kwa pH peke yake kunaweza kulegeza mshiko. Kama chupa ya peptidi ina azidi ya sodiamu, dawa ya kuzuia vijidudu, na kingamwili yako imeungwa moja kwa moja na peroksidesi, kimeng'enya kinachotoa alama, azidi itazima peroksidesi na utadhani peptidi imefanya kazi nzuri.

Vichupa vyote vikififia pamoja, hesabu joto. Maelekezo yanaposema joto la chumba yanakusudia nyuzi 20 hadi 25. Chumba chetu cha Februari bila kipozahewa kinaweza kufika 31 au 32, na kingamwili iliyopunguzwa sana kwenye bufa isiyo na protini ya kuilinda hudhoofika na kugandana na plastiki. Mimi napendelea usiku kucha kwenye nyuzi 4, kichupa kikizunguka taratibu. Usiku ni mrefu, lakini jokofu linajulikana nyuzi zake, chumba hakijulikani.

Peptidi imeongeza uchafu badala ya kuupunguza

Mara nyingi peptidi inanata. Iliyo na sisteini huru hujiunga na mwenzake na pia na protini za tishu. Inayokataa maji hujibandika kwenye utando. Zungusha mchanganyiko kwenye sentrifuji kwa kasi kubwa dakika 10 hadi 15, uchukue maji ya juu tu. Ongeza Tween, sabuni laini ya maabara, kidogo kwenye bufa ya kuoshea. Punguza peptidi kwa hatua, kutoka mara 10 hadi mara 5 hadi mara 2, utazame ni wapi mstari unaanza kurudi. Mteremko huo wenyewe ni ushahidi mzuri kuliko picha mbili za ipo na haipo.

Angalia na maji. Maji ya visima vya Unguja hupita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na chokaa ikikutana na fosfeti ya PBS (bufa ya chumvi na fosfeti) hutoa ukungu mweupe. Maji ya kutengenezea bufa yawe yaliyoondolewa chumvi, hata siku ambayo mashine imeharibika na bomba liko karibu.

Kwenye slaidi, rangi ipo lakini si ndani ya kiini

TdT hukaa kwenye kiini. Rangi ya kahawia ya saitoplazimu, hata ikipungua kwa peptidi, isihesabiwe. Kwenye uboho sababu kubwa ni peroksidesi ya seli zenyewe: chembe za ukoo wa granulosaiti, hasa eosinofili, zimejaa vimeng'enya vya aina hiyo na huwaka bila kingamwili yoyote. Rangi hiyo peptidi haiigusi. Slaidi isiyopewa kingamwili ya kwanza itaionesha mara moja, na hidrojeni peroksaidi mpya ya asilimia 3 itaizima. Neno mpya hapo lina uzito. Chupa iliyokaa rafuni wazi katika joto letu imebaki maji.

Kiini kisipowaka kabisa hata bila peptidi, tatizo liko nyuma zaidi. Kipande kilikaa saa ngapi kabla ya formalini? Mfupa ulilainishwa kwa asidi kali au kwa EDTA, kemikali inayonyofoa kalsiamu? Asidi ni ya haraka lakini huharibu antijeni. EDTA ni ya polepole na huitunza. Kuchemsha slaidi katika bufa ya EDTA ya pH 9 kwa kawaida hufungua TdT vizuri kuliko sitreti ya pH 6. Usijaribu peptidi kwenye slaidi ambayo bado haijawaka sawasawa, kwani hutakuwa na cha kuzuia.

Kipande cha tonsili ni kontroli nzuri ya kuweka kwenye slaidi ileile. Kina seli chache sana zenye TdT, na eneo kubwa la seli zilizokomaa zinazotakiwa kubaki na rangi ya buluu ya kiini. Tonsili nzima ikiwaka kahawia, kingamwili yako imezidi au si mwaminifu, na peptidi kuizima haibadilishi hukumu hiyo.

Mstari upo chini ya 58

TdT huliwa kirahisi na proteasi. TdT ya mwanzo iliyosafishwa kutoka thaimasi ya ndama ilionekana kuwa ya kilodaltoni 32, na baadaye ikafahamika kuwa ni kipande cha protini kubwa zaidi. Tezi iliyosafiri kutoka machinjioni kwenye mfuko wa plastiki bila barafu itakupa vipande vivyo hivyo. Ibebe kwenye barafu, ikatwe vidogo, igandishwe au isagwe mara moja kwenye bufa yenye vizuizi vya proteasi. Vipande vya namna hii hufutika na peptidi iwapo sehemu inayotambuliwa imo ndani yake, kwa hiyo kufutika kwa mistari kadhaa ya chini si lazima kuwe kasoro. Linganisha na MOLT-4 iliyosagwa upya: ikiwa huko mstari ni mmoja wa 58, ile mingine ni ya safari.

Wiki iliyopita ilizuia, wiki hii haizuii

Uliza kwanza umeme. Wazee wa kazi hii hawajasahau mwisho wa 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu bila umeme wa gridi na kila friza ikategemea jenereta na mafuta. Kukatika kwa saa chache ni kwa kawaida zaidi na hakuonekani, kwa sababu asubuhi friza imeshaganda tena. Weka kichupa cha maji yaliyogandishwa na sarafu juu ya barafu yake. Sarafu ikikutwa imezama, friza iliyeyuka usiku.

Peptidi kavu huvumilia. Poda inaweza kutoka Dar es Salaam kwa boti na kuvuka hadi Mkoani kwa siku chache bila barafu, mradi haikupata maji. Iliyoyeyushwa ndiyo dhaifu. Siku ya kuiyeyusha, igawe papo hapo kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, viingie kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na kilichotolewa kisirudi. Kingamwili nayo igawiwe vivyo hivyo, isipokuwa mtengenezaji amesema ikae nyuzi 4.

Ikifika chupa mpya ya peptidi au ya kingamwili, ipimwe pamoja na ya zamani siku moja, jeli moja, seli zilezile za MOLT-4 na Raji, kabla ile ya zamani haijaisha. Andika namba ya toleo kwenye picha yenyewe ya utando, si kwenye daftari tu.